ISO 800 na uso wa nyanya: kisa cha usiku mmoja wa kupamba

Anayezijua harusi za Mombasa anajua kwamba usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao, na kwamba mlangoni hukaa shangazi mmoja na kikapu cha kukusanyia simu. Bi harusi yuko wazi, nywele zimejaa asumini, hina imepanda mpaka karibu na viwiko, na hakuna anayetaka sura yake izunguke mjini kabla ya asubuhi. Kwa hiyo picha za usiku ule ni za mtu mmoja tu: mpiga picha mwanamke aliyeaminiwa na familia. Akikosa yeye, hakuna binamu wala jirani wa kumwazima nyingine. Kwa sababu hiyohiyo picha zenyewe sitazionesha. Nitaeleza kwa maneno na kwa tarakimu, na mama wa bi harusi ameniruhusu nikieleze kisa bila majina na bila kutaja ukumbi.

Kisa ni hiki. Niliharibu dakika nne zilizokuwa muhimu kuliko zote kwa kung'ang'ania ISO 800, ile namba inayoiambia kamera iukuze mwanga kiasi gani. Kisha usiku uleule, ukumbi uleule, mishumaa ileile, nikajaliwa nafasi ya pili nikapiga kwa ISO 6400. Kazi yetu hukupa mizani ya namna hiyo mara chache sana, na nimeona ni haki nikipime kisa hiki mbele ya wenzangu, hasa wale wanaoanza na wanaoogopa chenga, zile nukta-nukta zinazochafua picha za gizani, kama nilivyoziogopa mimi.

Kamera yangu ilikuwa Canon EOS 6D, ya fremu kamili, megapikseli 20, iliyotangazwa mwaka 2012. ISO yake ya kawaida huanzia 100 na kufika 25,600. Shingoni nilivaa lenzi ya milimita 24 hadi 105 inayofunguka mpaka f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi), na kwenye mkoba nilikuwa na lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ile ya bei nafuu. Flashi ilikuwepo pia, lakini mama wa bi harusi alikuwa amekwishanieleza mapema: "Mwanangu, akiingia usitumulike. Taa zitazimwa, wasichana watashika mishumaa. Nataka mishumaa ionekane." Ombi lake lilikuwa la haki. Flashi ikipiga kwenye mwanga wa mshumaa, mshumaa hauna kazi tena. Unabaki msichana aliyeshika kijiti cheupe, na nyuma yake giza.

Nikasema, "Haya mama, hakuna wasiwasi." Nikaiweka ISO kwenye 800 nikaenda kusimama mwisho wa zulia.

Kwa nini 800? Nilijifunza kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio tangu enzi za mkanda wa filamu. Mpaka leo yeye husema ASA, hasemi ISO, na hakosei: mwaka 1974 vipimo viwili vya wepesi wa mkanda, ASA ya Marekani na DIN ya Ujerumani, viliunganishwa chini ya jina la ISO, na namba tunazozitumia kila siku ni zilezile za ASA. Kwa mzee wangu mkanda wa 100 ulikuwa wa jua, wa 400 wa ndani ya nyumba, na wa 800 ulikuwa mwisho wa safari. Ukisafisha picha kubwa kutoka kwenye mkanda huo unaona chembe kama mchanga wa ufukweni. Kamera zake za kwanza za dijitali nazo ziliishia 1600, na picha ya 1600 hakuthubutu kumpa mteja. Akaniachia kanuni moja: "Usivuke 800, mwanangu. Mtu hakulipi akununulie chenga." Kwa vyombo vyake alikuwa na haki kabisa. Lakini mwaka 2007 Nikon walikuwa wametoa D3 yenye ISO ya kawaida inayofika 6400, na miaka iliyofuata kamera zikazidi kukimbia. Kanuni ikabaki palepale, nami nikaibeba bila kuiuliza swali hata siku moja.

Taa zikazimwa. Mlango ukafunguliwa, moshi wa udi ukatangulia, kisha wasichana wawili wawili na mishumaa yao, kisha yeye. Vigelegele vikapasua dari. Kamera kwenye f/4 na ISO 800 ilikuwa inataka shata, yaani muda wa kuuacha mwanga uingie, ya karibu robo ya sekunde, jambo lisilowezekana kwa mtu anayetembea, basi nikaifupisha mpaka 1/15 nikijiambia giza lililobaki nitalipandisha nyumbani kwenye kompyuta. Nikawa napiga. Katikati ya zulia msafara ukasimama ghafla. Nyanya yake, mama wa mama, alikuwa ameketi kiti cha mbele. Miguu imeshika, hasimami siku hizi bila kushikwa. Akasimama. Akamshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili, akambusu kipaji cha uso, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia kwa vigelegele. Nilikuwa mita tatu kutoka pale. Nikapiga picha tisa.

Bi harusi alipopanda jukwaani taa zikawashwa, nami nikajificha nyuma ya nguzo nikaziangalia. Kwenye kioo cha kamera zilionekana nzuri. Hapa pana mtego wa kwanza: macho yakishazoea giza la ukumbi, kioo kidogo kilichowaka huonekana kinang'aa kuliko kilivyo, na picha yenye giza hujifanya picha yenye mwanga wa kutosha. Anayesema kweli ni histogramu, ule mchoro wa kamera unaopanga giza kushoto na mwangaza kulia, na yangu ilikuwa imerundikana yote ukuta wa kushoto kama mizigo gatini. Sikuiangalia. Aliyenifumbua macho ni msaidizi wangu, binti wa dada yangu, aliyekuja kufanya kazi ya kunishikia mkoba. Akachukua kamera, akakuza picha ya nyanya mpaka uso ukajaa kioo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama mdogo, nyanya ana macho mawili mawili."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jicho lilikuwa na kivuli chake pembeni. Kidole gumba kilichoshika shavu kimeyeyuka ndani ya shavu. Tisa zote. Kulikuwa na moja ambayo nyanya alikuwa ametulia kidogo, lakini hapo bi harusi ndiye aliyekuwa anainama, na uso wake ukawa mstari.

Tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonesha kwamba haikuwa bahati mbaya. Mtu anayesogea kwa nusu mita kwa sekunde, yaani mwendo wa polepole kabisa, katika 1/15 ya sekunde husogea sentimita tatu na zaidi. Sentimita tatu kwenye uso wa mtu ni kutoka jicho mpaka katikati ya pua. Kwa 1/125 mtu yuleyule husogea milimita nne. Lenzi yangu ilikuwa na kitulizaji, na kitulizaji hutuliza mkono wa mpiga picha. Nyanya wa watu hakimtulizi. Nilikuwa nimeiamini sehemu ya kamera isiyohusika na tatizo langu.

Hilo ni kosa la mtikisiko. La pili ni giza. Nilipopima baadaye, picha zile zilikuwa zimepungukiwa na mwanga kwa zaidi ya stopu mbili (kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu), maana yake zilipata chini ya robo ya mwanga uliotakiwa kwa ISO 800. Ule mpango wa "nitapandisha nyumbani" niliujaribu kweli. Nilipoipandisha picha stopu mbili na robo kwenye programu ya kuhariri, chenga zilizojitokeza zilikuwa mbaya kuliko zile nilizokuwa nazikimbia. Kwenye mabuibui meusi ya wanawake waliokaa nyuma yalitokea mabaka ya zambarau na kijani. Nilikuwa nimeikwepa ISO kubwa, kumbe nimeipiga kwa mlango wa nyuma na kwa bei ya juu zaidi.

Ili jambo hili lieleweke lazima tukubaliane chenga zinatoka wapi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba ISO ndiyo inayozileta. Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera chembe moja moja, bila mpangilio, kama matone ya mvua. Panga mabakuli mia moja uani wakati wa rasharasha, uyatoe baada ya dakika moja: hili limepata matone matatu, lile saba, lile moja. Yaache mabakuli yaleyale kwenye mvua ya masika, na yote yatajaa karibu sawasawa. Bakuli ni pikseli. Tofauti kati ya bakuli na bakuli ndiyo chenga. Hesabu yake inajulikana: pikseli iliyopata chembe 10,000 za mwanga hucheza kwa kiasi cha 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Iliyopata chembe 100 hucheza kwa 10, yaani asilimia 10, na shavu laini huwa kama limenyunyiziwa pilipili manga. Uhaba wa mwanga ndio unaozaa chenga. ISO inakuja baada ya mvua kukatika, inayapima yale yaliyomo ndani ya bakuli na kuyakuza ili picha ionekane. Kihisi hakiongezewi macho kwa kuzungusha kitufe.

Sasa, kama ISO ni kukuza tu, mtu atauliza pana tofauti gani kati ya kukuza ndani ya kamera na kukuza nyumbani. Kwa kamera niliyokuwa nayo, tofauti ni kubwa. Mbali na chenga za mwanga wenyewe, kamera ina mvumo wake wa umeme, na katika kamera ya rika lile sehemu kubwa ya mvumo huo huingia baada ya ishara kukuzwa, pale inapogeuzwa kuwa tarakimu. Mfikirie mwimbaji wa taarab na waya mbovu unaovuma kati ya kipaza sauti na spika. Ukiipandisha sauti yake kabla haijaingia kwenye waya, mvumo unafunikwa. Ukimwacha aimbe kwa chini, kisha ukaja kufungua sauti kwenye spika, unapandisha na mvumo. ISO 6400 ndani ya kamera ni kupandisha kabla ya waya. ISO 800 iliyookolewa kwenye kompyuta ni kufungua spika. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zimeupunguza mno mvumo huo, na kwa hizo tofauti ni ndogo. Lakini kamera tunazonunua mkono wa pili ni nyingi za rika la yangu, na ni vyema mtu akaijua yake kabla ya siku ya kazi. Jaribio lake ni la jioni moja sebuleni: piga kwa ISO 800 na kwa 6400, shata na tundu la lenzi vikiwa vilevile, kisha ipandishe ile ya 800 stopu tatu uziweke pamoja.

Nirudi ukumbini. Nilimfuata mama wa bi harusi jikoni, mahali alipokuwa anasimamia sahani za halwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikamwambia ukweli: "Mama, nisamehe. Picha za kuingia sizo. Zimetikisika, kosa ni langu." Akanitazama muda mrefu. "Hata ya mama yangu?" Nikasema hata hiyo. Akafuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Atabadilisha nguo saa nne. Ataingia tena. Nitawaambia washike mishumaa tena. Ila mama yangu simwinui mara ya pili."

Nilikuwa na kama dakika arubaini. Kosa la mwanzo lilikuwa la mpangilio wa fikra zaidi kuliko la namba. Nilianza na ISO, nikaifunga, kisha nikaacha shata na tundu la lenzi viteseke kuifuata. Safari hii niligeuza. Swali la kwanza: nini lazima kisimame? Nyuso za watu wanaotembea polepole. Hiyo ni 1/125, na chini ya hapo siendi. Swali la pili: lenzi inaweza kufunguka kiasi gani bila kuniharibia? Nikavua ile ya f/4 nikavaa ya milimita 50. Kutoka f/4 kwenda f/1.8 ni zaidi ya stopu mbili za mwanga wa kweli, mwanga unaoingia ndani ya bakuli, na mpaka leo najiuliza ilikuwa inafanya nini mkobani mwanzo. Uwazi huo una gharama yake: kwa f/1.8, ukisimama mita mbili, eneo lililo kali ni kama sentimita 17 tu, puani mpaka masikioni basi. Ukirudi mita tatu linafika karibu sentimita 40, na humo bi harusi na msichana wake wa kando wanaweza kuenea kama wakienda sambamba. Nikapima kwa hatua, nikamweka binti wa dada yangu asimame juu ya zulia, nikaweka alama ya utepe sakafuni mahali pangu.

Kilichobaki ndicho kilichoipa ISO namba yake. Nilimwomba msichana mmoja awashe mshumaa kwenye ujia wenye giza nje ya ukumbi, nikapiga kwa 3200: uso ulikuwa mzito, histogramu bado imelalia kushoto. Kwa 6400 shavu lilikaa mahali pake. Nikajaribu na 12,800, na hapo kila kitu kilionekana kwa urahisi, lakini mwali wa mshumaa ulikuwa umetanuka kuwa duara jeupe na vidole vilivyouzunguka vimeungua pembezoni. Hili watu hulisahau. Kila ukipandisha ISO stopu moja, unakata stopu moja ya nafasi juu, kule kwenye vitu vyeupe. Bi harusi alikuwa anakuja na gauni jeupe la lesi katikati ya miali ya moto. Lesi ikishafutika haina pa kurudi. Na kwa kamera yangu, kupita 6400 hakuniongezei usafi wowote gizani, kwa hiyo 12,800 ingenitoza bila kunipa. Nikabaki 6400.

Kwa nini sikuiacha kamera ichague ISO yenyewe? Kwa kazi za mchana huwa naiacha, na ni msaada mkubwa. Lakini mshumaa mmoja ukielekea kwenye lenzi kamera hudhani pana mwanga mwingi na kuishusha ISO. Buibui jeusi likipita mbele huipandisha. Mwanga wenyewe kwenye uso haujabadilika. Mahali ambapo mwanga ni mmoja kutoka mwanzo wa zulia mpaka mwisho, namba iliyofungwa kwa mkono ni salama zaidi. Kwa fokasi nilitumia nukta ya katikati pekee. Kwenye 6D ndiyo inayoona gizani kuliko zote.

Saa nne na kidogo taa zikazimwa tena.

Ukilinganisha karatasini, picha za mara ya pili zilipata mwanga pungufu kidogo kuliko za mara ya kwanza. Shata kutoka 1/15 kwenda 1/125 ilininyang'anya stopu tatu, lenzi ikanirudishia mbili na robo. Yaani bakuli lilikuwa na maji machache zaidi. Hata hivyo picha zilikuwa na uhai. Nyuso zilisimama. Kope zinahesabika. Kwenye picha ninayoipenda bi harusi anageuza shingo kidogo kumsikiliza somo wake, kikuba cha asumini kimening'inia karibu na sikio, na ukitazama vizuri unaona ua moja limeanza kugeuka kahawia ukingoni kwa joto la ukumbi. Chenga zipo. Ziko kwenye kivuli chini ya kidevu na kwenye ukuta wa nyuma, ndogondogo, zimetawanyika sawasawa. Zile za 800 zilizopandishwa kwa nguvu zilikuwa na mabaka na michirizi, na jicho husamehe vumbi lililoenea kuliko doa.

Rangi ya mishumaa ilinifundisha jambo ambalo sikulitegemea. Mwanga wa mshumaa uko kwenye kelvini 1,900 hivi, kipimo cha rangi ya mwanga, yaani mwekundu mno, na ndani yake buluu ni kidogo sana. Programu ya kuhariri ukiiambia igeuze gauni liwe jeupe kama la mchana, inalazimika kuikuza buluu mara nyingi kuliko rangi nyingine, na buluu ndiyo iliyokuwa na njaa tangu mwanzo. Chenga zote za rangi zinatokea huko. Nilipoliacha gauni libaki na wekundu wa samli, kama lilivyoonekana na waliokuwepo, karibu nusu ya tatizo liliondoka bila kugusa kitu kingine. Mama alitaka mishumaa ionekane, na kumbe ombi lake lilikuwa pia ushauri wa kitaalamu. Kwa kuwa nilikuwa nimepiga kwa RAW, faili ghafi la kamera, rangi niliweza kuiamua baadaye bila kuumiza faili.

Jukwaani mambo yalikuwa mepesi, ila kwa taa za mapambo. Zilikuwa za LED, na umeme wa Kenya ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za aina hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/250 nilipata mistari ya giza iliyokatiza gauni. Kwa 1/100 ikatoweka. Hapo tena shata ndiyo iliyotangulia na ISO ikafuata, ikatua 1600, na sikuwa na haja ya kufikiri zaidi.

Kisha zikaja siku za kuchagua. Nilikaa na mama na somo wa bi harusi mbele ya kompyuta, mlango umefungwa. Mimi nikiwa mpiga picha nilikuwa nakuza kila picha mpaka pikseli zionekane, nikionesha chenga kama mtu anayeungama. Mama akaniuliza, "Unanionesha nini?" Hakuwa anaziona. Mtu hatazami picha ya mwanawe kwa pikseli. Faili la 6D lina pikseli 5,472 kwa 3,648, na ukilichapa kwa nukta 300 kila inchi linakupa karatasi ya inchi 18 kwa 12 bila kuongeza kitu. Tulichapa moja ya ukubwa huo, nikakaa na fundi wa mashine mpaka faili likafutwa mbele yangu. Ukiisogelea mpaka pua inakaribia kugusa, unaona chembe ukutani. Ukiwa umekaa kwenye kochi, huoni. Na ile waliyotumiana wanawake wa nyumbani kwenye simu, ikapunguzwa mpaka upana wa pikseli 1,600, kila pikseli yake imebeba karibu pikseli 12 za mwanzo. Chenga zilichanganyikana zikajimaliza zenyewe.

Zile tisa za nyanya nilizijaribia kila dawa. Programu za siku hizi za kuondoa chenga kwa akili bandia zina uwezo wa kushangaza, na ziliisafisha giza la picha zile vizuri sana. Zikaniletea uso msafi wenye macho mawili mawili. Kulikuwa na programu nyingine inayodai kunoa picha zilizotikisika. Iliutengeneza uso wa mwanamke mzee ambaye hakuwa nyanya. Mikunjo ilikuwa mizuri, ya mtu mwingine. Niliifuta palepale. Chenga unaweza kuzipunguza leo, mwakani ukazipunguza zaidi kwa chombo kipya. Sekunde iliyotikisika haikuandikwa mahali popote, hakuna pa kwenda kuichukua.

Mzee wangu nilimpelekea ile ya inchi 18, kwa ruhusa, nikiwa nimefunika uso wa bi harusi kwa karatasi ili aone gauni, mikono na ukuta tu. Akavaa miwani yake, akaisogeza dirishani, akauliza, "ASA ngapi hii?" Nikamwambia 6400. Akaipitishia kidole juu ya lesi, akaniambia nirudie namba. Kisha akaniuliza kama ile kamera inauzwa.

Wiki mbili baada ya harusi nilikwenda kwa nyanya Mji wa Kale, saa tatu asubuhi, bila malipo. Bi harusi alikuwa amekuja kumsalimu. "Shikamoo nyanya." "Marahaba mwanangu, ndiye wewe uliyenikosa?" Nikasema ndiye mimi. Akacheka, akaniamuru niketi, tukanywa kahawa kwanza. Chumba chake kina dirisha moja refu la mbao linaloelekea uani, na mwanga wa ukuta mweupe wa jirani unaingia laini kama maji. Nikawakaribisha wote wawili mpaka hatua mbili kutoka dirishani. Nilianza na shata, 1/160, kwa sababu mikono ya nyanya hutetemeka kidogo. Nikafungua lenzi kwenye f/2.8 ili nyuso zote mbili ziwe kali. ISO ikajiangukia 400.

Hakusimama safari hii. Mjukuu ndiye aliyepiga magoti chini ya kiti, nyanya akamshika mashavu kwa mikono miwili kama usiku ule, akasema lile neno alilolisema usiku ule, na mara hii nililisikia. Nilipiga picha moja tu kabla sijaona kwamba kioo cha kuchungulia kimeingia ukungu.

Nikaikuza pale pale. Macho yalikuwa mawili.